Ngumi Nyuma ya Shuka

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye lile banda kugombana.

Kituo chetu cha afya kimepakana na banda la kupimia chai. Asubuhi wakulima huleta majani mabichi pale, yakapimwa, yakapakiwa kwenye lori la kiwanda, na lori likishaondoka banda hubaki tupu hadi kesho yake. Sasa ikawa kila jioni nasikia watu wanapiga kelele humo ndani kana kwamba wamevamiwa na nyuki. Mimi ni muuguzi, na wodi yangu ni ya wazazi. Jioni hiyo nilikuwa na mama aliyejifungua kwa taabu, ndiyo kwanza amepata usingizi, na zile kelele zikaanza. Nikavua glavu, nikavuka uwanja kwenye mvua, nikaingia bila kubisha.

Nilidhani nitakuta vijana wa bodaboda wanachezacheza. Nikakuta wanawake. Alikuwapo fundi cherehani wa sokoni Tukuyu, yule aliyenishonea sare zangu za kazi. Alikuwapo mpishi wa hoteli, walimu wawili wa shule ya msingi, na mabinti kadhaa wachuma chai ambao asubuhi nilikuwa nimewaona na vikapu mgongoni. Walikuwa peku juu ya saruji, wanarusha ngumi hewani. Mbele yao alisimama mwanaume mrefu mwembamba, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa Tanga ambaye tangu serikali imlete huku alikuwa hajaacha kuilalamikia baridi. Wao walimwita Sensei, kama anavyoitwa mwalimu wa karate. Nilimpasha yote niliyokuja nayo.

"Kuwa radhi, dada yangu," alinijibu kwa ule upole wa watu wa pwani unaomfanya mtu ajione mshari. "Kelele tutapunguza. Ila hizo hasira, kwa nini zipotee bure? Vua viatu, simama mstari wa nyuma."

Wote wakacheka. Mimi nina tabia moja, nikichekwa siondoki. Nikavua viatu.

Nililipenda lile banda, niseme wazi. Wodini mimi ni nesi, nyumbani ni mke na mkwe, kanisani ni sauti ya pili ya kwaya, na kote huko kuna mtu ananingoja nimfanyie kitu. Bandani hakuna aliyeningoja. Begi la kupigia lilining'inizwa kwenye ndoano ya mizani ya chai. Mvua ikinyesha kwenye bati, na Tukuyu mvua hainyeshi kwa zamu, Sensei alilazimika kupiga makofi maana sauti haikusikika. Tulinuka jasho na majani mabichi. Nikavuka mkanda mmoja, nikavuka mwingine, hadi nikafika wa kahawia, ambao nyuma yake kuna mweusi tu.

Mwaka jana Sensei akatuambia amepata uhamisho. Alikuwa ameuomba kwa muda mrefu, mama yake ni mgonjwa huko Tanga, na shule zikifungwa mwisho wa mwaka angeondoka. Tulimpongeza huku nyuso zimeanguka. Sababu ni moja. Kwa utaratibu wa chama chetu cha karate, tawi lisilo na mtu wa mkanda mweusi halitambuliwi, na wanafunzi wake inabidi wakafanye mazoezi Mbeya mjini. Hebu niambie, binti aliyeamka alfajiri kuchuma chai, jioni apande gari kwenda Mbeya kurusha ngumi? Tawi lingekufa, hilo kila mtu alilijua. Na mwenye mkanda wa kahawia nilikuwa mimi peke yangu. Wakageuka wote kuniangalia, nami nikajifanya nafunga kamba ya suruali.

Maana mtihani wa mkanda mweusi nilikuwa nimeshaufanya, na nilikuwa nimeanguka.

Kilichoniangusha kilikuwa kipengele cha mwisho. Wanakusimamisha mbele ya mtu mwenye mkanda mweusi, mwamuzi anapiga kofi, na wewe unarusha ngumi ya kidevu unayoisimamisha kabla haijagusa. Ukifika kabla mwenzako hajakinga, umefaulu. Mimi nilipangiwa mzee mmoja mwenye mvi za pembeni, mtu mtulivu kabisa. Kila ngumi niliyorusha niliikuta imeshakingwa. Yule mzee hakuwa hata na haraka, alikuwa kama mtu anayefunga dirisha lake jioni. Mwamuzi akaniambia, "Mkono umechelewa, mama. Rudi ukiwa tayari." Kwenye basi la kurudi kutoka Mbeya nililia kuanzia Uyole mpaka Kiwira, na abiria jirani yangu nikamwambia ni mafua.

Kilichoniudhi ni kwamba mkono wangu si mzito. Mtoto ninayemchoma sindano hulia nikiwa nimeshamaliza, tena hulia kwa kuona sindano tupu mkononi mwangu. Nimekulia Lupepo, kwenye mashamba, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nachuma chai kwa mikono miwili sambamba na mama yangu. Mkono wa namna hiyo unachelewaje?

Sensei alilichukua jambo hili kihesabu: mkono una upungufu, basi uongezewe. Akanifungia mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo, niuvute kwa kila ngumi. Akajaza chupa za maji mchanga, nirushe ngumi nikiwa nimezishika. Nyumbani niliwasha mshumaa nyuma ya jiko nikajaribu kuuzima kwa upepo wa ngumi, mama mkwe akaniuliza kama nimehama dhehebu. Nilifanya yote hayo, tena kwa bidii ya mtu mwenye wasiwasi. Mabega yakajaa, yakakaza, na mkono ukazidi kuchelewa.

Sensei ana sifa moja nzuri, akikosea hesabu anafuta. Akaninyang'anya chupa. "Tumekosea njia," alisema. "Bega likikaza, ngumi inakwenda kama mtu anasukuma toroli. Legeza. Ngumi uifunge mwishoni kabisa, inapofika. Toa pumzi. Halafu urudishe mkono kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Ukiwahi kurudi, utawahi kwenda."

Hapo nikaona mabadiliko. Fundi cherehani, tunayelingana naye umri, akaanza kufumba macho kila nikimrushia, ananiambia, "Haki ya Mungu sikuiona." Mpishi naye hakuiona. Lakini nikisimama mbele ya Sensei mwenyewe, kila ngumi anaikinga. Nikamuuliza anaona nini.

"Sijui naona nini," alisema, na alikuwa mkweli. "Najua tu kwamba inakuja."

Nilikasirika siku hiyo kiasi cha kupiga begi teke. Mwezi wa tisa ulikuwa unaisha. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Ni fundi cherehani aliyeleta wazo la simu. Simu yake inachukua video ya taratibu, ile inayofanya kila kitu kiende pole, na yeye huitumia kuwarekodi wateja wakijizungusha na magauni. Akaisimamisha juu ya jukwaa la mizani, nikasimama na Sensei, nikarusha ngumi kadhaa, zote akazikinga. Kisha tukaizunguka simu.

Mkono ulikuwa mwepesi. Hilo lilionekana wazi, hata Sensei akaguna. Lakini kabla ya mkono kulikuwa na mambo mengine. Kwanza macho yangu yalishuka chini. Kisha magoti yakakunjika kidogo, bega moja likaenda pembeni kama linampisha mtu. Kisha nikainuka. Ndipo mkono ukaondoka, ukiwa na haraka zake zote, kwa mtu ambaye alishaambiwa kwamba unakuja.

Fundi akairudisha mwanzo, tukaitazama tena. Kisha mpishi akapasuka. "Anamwamkia! Jamani, anamwamkia kwanza!"

Tulicheka hadi binti mmoja akakaa chini sakafuni. Sensei peke yake ndiye hakucheka, akawa anatuangalia mmoja mmoja. "Nini? Nini, jamani?" Ilibidi tumweleze. Huku kwetu mtoto wa kike hufundishwa hilo akiwa bado anajikojolea. Unapokutana na mtu anayekuzidi umri, macho chini, magoti yakunje, pisha njia, ndipo uamkie. Hakuna anayekumbuka alifundishwa lini. Sensei alikuwa mwalimu na mgeni na kanizidi umri, na mwili wangu haukuona sababu ya kumpiga mtu wa namna hiyo bila kumpa heshima yake. Yule mzee wa Mbeya ndiyo kabisa.

Fundi akasema na wengine warekodiwe. Mmoja mmoja wakasimama mbele ya Sensei, na mmoja mmoja wakaonekana wanamwamkia. Mwalimu mmoja, mzaliwa wa Singida, ndiye pekee aliyerusha ngumi yake bila salamu. Wengine wote, wazaliwa wa huku Rungwe, tulikuwa na ugonjwa ule ule. Aliyevunja rekodi alikuwa binti mmoja mchuma chai kutoka upande wa Kisiba, mpole kupita kiasi, anayeongea kwa kunong'ona. Yeye kabla ya ngumi alishuka hadi tukadhani anaketi.

Tulicheka, lakini wakati narudi nyumbani sikuwa nacheka. Kitu kilichoingia mwilini kabla ya meno ya utotoni kinatolewaje kwa wiki chache? Na nilikuwa na swali jingine baya zaidi, ambalo sikumwambia mtu. Je, nilitaka kitolewe? Ile ilikuwa adabu aliyonipa mama yangu, na mama yangu hayupo tena. Niliona kama naambiwa nichague kati yake na mkanda.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi, nikachukua kisu nikaketi naye. Mume wangu ni dereva wa lori la maparachichi, siku nyingi yuko njiani, kwa hiyo mimi na watoto tunaishi katika boma la wazazi wake. Mama mkwe ni mtu wa kucheka, na Kiswahili chake hakina herufi r hata moja. Nikamsimulia habari ya video. Alicheka hadi ndizi ikamponyoka. "Ngumi na salamu!" alikuwa anasema. "Unampiga mtu halafu ni kwa heshima!" Nikamweleza basi kwamba si mchezo, kwamba nisipopata mkanda banda litafungwa, na kwamba ili niache ile tabia nilihitaji kufanya mazoezi mbele ya mzee, na wazee wa kusimama wapigwe ngumi siwajui. Akaendelea kumenya.

Asubuhi yake alinifuata jikoni akiwa amebana kicheko.

"Baba mkweo amesema, kama unatafuta mzee wa kupiga, kwa nini uende kuazima wazee wa watu, na wa kwako yupo hapa anakaa bule?"

Nilimimina chai nje ya kikombe.

Ili unielewe, lazima ujue habari ya baba mkwe kwa Wanyakyusa. Kwa desturi yetu, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasogeleani, hawaongei ana kwa ana. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameiacha, wapo wanaokula meza moja na baba mkwe na hakuna aliyekufa. Lakini mzee wangu hakuiacha, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kuivunja katika boma lake. Nikisikia anakohoa njiani, nilipisha kwenye migomba, nikageuka pembeni, nikakunja magoti, nikamwamkia nikiyatazama majani. Akiugua, kituoni alihudumiwa na nesi mwingine. Tangu niolewe nilikuwa naijua sauti yake, kikohozi chake na redio yake. Sura yake niliijua zaidi kwenye picha ya ukutani.

Naye alikuwa ameshalifikiria hilo. Siku yangu ya mapumziko, jua lilipopanda, nilikuta shuka la maua limeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, limebanwa vizuri lisipepee. Nyuma yake nilisikia kikohozi. Baba mkwe alikuwa amefunga kipande cha godoro kuukuu kwenye ubao, na aliusimamisha ubao huo kwa mikono miwili upande wa pili wa shuka, mahali ambapo kidevu cha mtu kingekuwa. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda pembeni kabisa, mahali pa kutuona wote wawili. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani, ingawa mimi na mzee tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mkweo aanze," shuka lilisema.

"Anza," akasema mama mkwe.

Nikarusha. Ngumi yangu ikazama kwenye shuka tupu, nusura nianguke mbele. Upande wa pili mzee akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeshinda bao. Alikuwa ameondoa ubao. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli changu kimelala juu ya shuka, na alichofanya ni kukiangalia. Kikiinama tu, anaondoa ubao wake. Nikarusha tena, nikazama tena.

"Mwambie ameniamkia."

"Umemwamkia," akasema mama mkwe, machozi ya kicheko yanamtoka.

Basi ikawa hivyo kila siku ya mapumziko yangu, na baadhi ya siku nikitoka zamu ya usiku. Niligundua kwamba mzee ni mkorofi, na kwamba alikuwa anafurahi kuliko mimi. Akawa ananichokoza. "Mwulize leo amekunywa uji?" Mimi nami nikawa napandisha hasira, na hasira inakaza bega, na bega likikaza mkono unachelewa, na yeye anaondoa ubao mapema zaidi. Niliwahi kumwambia mama mkwe amwambie kwamba hiyo si haki. Mama mkwe akasema anaona aibu kufikisha ujumbe wa namna hiyo, na kwamba hata hivyo mzee ameshausikia.

Oktoba ikakatika. Sikuweza. Nilijikaza magoti yasikunjike, yakakataa kukunjika kweli, lakini macho yakashuka. Nikayakaza macho, bega likapisha. Nikiziba hapa panavuja pale. Asubuhi moja mzee alichoka. Kulikuwa na kipindi cha mpira kwenye redio na alitaka kukisikiliza, na mimi nilikuwa nimezama kwenye shuka mara nisizotaka kuzikumbuka.

"Mwambie mimi si askofu," alifoka. "Mbona ananiamkia kila mala? Salamu moja ya asubuhi inatosha! Hizi nyingine zote za nini?"

Mimi nilisimama pale nimeshika kiuno, nimekasirika, nikitaka kujibu kwamba salamu ya asubuhi nilishatoa. Na hapo nikajiuliza, nilitoa? Nilikuwa nimemrushia salamu kupitia dirisha la jiko huku nikisuuza vikombe, mtoto mmoja analilia soksi, na sikusubiri hata kusikia jibu. Sensei naye, siku zote naingia bandani mbio kutoka wodini, nasema shikamoo huku navua viatu. Na yule mzee wa Mbeya sikumwamkia kabisa. Tuliinamiana kikarate, mara moja, kwa amri, basi. Salamu zote hizo nilikuwa naziacha nusu, na mwili wangu ulikuwa unajaribu kuzimalizia wakati usiofaa.

Nikashusha mikono. Nikasogea nyuma ya pale nilipokuwa. Nikakunja magoti hadi chini, polepole, macho ardhini, nikamwamkia kwa Kinyakyusa kama mama yangu alivyonifundisha.

"Mugonile, tata."

Mwanzoni nadhani mzee alidhani nimemkejeli. Kisha akaitikia, kwa sauti nyingine kabisa. Akaniuliza nimelalaje, nikamwambia. Akauliza habari za watoto, na za baba yao huko njiani, na za kazini, nikajibu moja baada ya nyingine bila kukimbilia mwisho. Alikuwa anaongea na mimi moja kwa moja, na mama mkwe hakusema neno. Alipomaliza, nami nikasubiri kidogo nihakikishe amemaliza. Nikainuka. Sikujikaza popote, hapakuwa na cha kuzuia. Nikarusha.

Nilisikia godoro, nikasikia ubao, kisha nikasikia mtu mzima akianguka kwenye tuta la viazi vitamu.

Halafu kimya.

Mimi ni muuguzi. Najua nyonga ya mtu wa umri ule ikivunjika mambo huwaje, na najua dakika za mwanzo ni za nini. Na nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, shuka la maua likiwa katikati. Mama mkwe alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Mama, mwangalie nyonga!" nilipiga kelele. "Asiinuke! Mwambie asiinuke! Mwulize anasikia miguu!"

Mama mkwe hakusogea. Nikalishika lile shuka. Niliapa moyoni kwamba nikihesabu pumzi moja zaidi nitalivuta na desturi itanisamehe, na isiponisamehe basi. Nililia pale pale, kwa sauti. Ningewezaje kumwambia mume wangu kwamba nimemuua baba yake kwa ajili ya mkanda?

Majani ya viazi yakachakarika.

"Mwambie," alisema mzee kutoka chini, pumzi imemkatika, "ile imefika."

Hakuwa amevunjika kitu. Nilimfanya mama mkwe amkunje na kumkunjua kila kiungo huku namwelekeza nikiwa upande wangu, na mzee analalamika kwamba kipindi chake kimeshaanza. Kuanzia siku ile aliegemeza mgongo kwenye mti wa parachichi, na kila asubuhi ya mazoezi tuliamkiana kwanza kwa urefu wake wote. Ngumi alizokwepa baada ya hapo zilikuwa chache, na zote alizitangaza kwa majirani.

Novemba tulikwenda Mbeya, mimi, Sensei aliyevaa jaketi mbili, na fundi cherehani na simu yake. Nilivuka vipengele vya mwanzo. Kwenye kile cha mwisho wakaniletea mzee yule yule mwenye mvi. Nadhani ilikuwa bahati tu, ingawa Sensei anasema waamuzi hawapangi kitu kwa bahati. Kabla mwamuzi hajatoa amri ya kuinamiana, nilikunja magoti mbele ya ukumbi mzima, nikamwamkia yule mzee. Kumbe ni wa huku kwetu. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za chai, nami nikazijibu zote. Mwamuzi mmoja alitazama saa. Sikujali, salamu haikatishwi.

Kisha tukainamiana. Kofi likalia. Mkono wangu ulikuwa mbele ya kidevu chake, na mkono wake ulikuwa bado njiani. Baadhi ya zilizofuata alizikinga, mzee yule si wa mchezo, lakini zilizofika zilitosha. Fundi cherehani alipiga vigelegele ambavyo haviruhusiwi ukumbini, akatolewa nje.

Sensei aliondoka shule zilipofungwa, na mkungu wa ndizi na chai ya kutosha ukoo mzima. Nilimwambia kwamba ningekuwa na kaka mkubwa ningetaka awe yeye. Aliangalia pembeni, akasema baridi ya huku inatoa machozi. Nyumbani, mama mkwe aliniletea ujumbe kwamba mzee anauliza mkono wa kushoto tunaanza lini.

Jioni ya kwanza ya kufundisha peke yangu mvua ilikuwa kubwa. Nilisimama bandani katikati ya harufu ya majani, mkanda mpya mgumu kiunoni, nikaamini kabisa kwamba hawatakuja, kwamba walikuwa wanamfuata Sensei, si mimi. Wakaja. Walikuja na khanga vichwani na matope hadi magotini, mmoja amekuja na dada yake. Niliwapanga mistari, kisha nikawaita mmoja mmoja wasimame mbele yangu, maana sasa wa kuamkiwa nilikuwa mimi.

Binti wa Kisiba, yule wa kunong'ona, alikuja wa mwisho. Alikunja magoti, akaniamkia, nami nikamwitikia. Nikamuuliza habari za kwao, za mama yake, za miguu ya mama yake inayovimba, akanieleza. Sikumharakisha. Aliponyamaza aliinua macho, akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Nikapiga kofi.

Ilinigusa kidevuni. Sikuiona kabisa.

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Jamani, mama! Samahani, mama! Nisamehe!"

Kidevu kilikuwa kinawaka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata siku ya mkanda. Nikamwambia asiombe samahani, arudie.